Gimbi la Vaisulutai

Savaii, Samoa
15 Agosti 1993

Dada yangu Etevise,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Mama kikohozi kimempungua, mke wangu Meripa yuko salama, watoto ndio hao wanakula na kupigana. Wewe je, baridi ya Auckland imeshakuachia? Tangu urudi huko baada ya kumzika Baba tunakutaja kila jioni kwenye sala, na Mama hujisingizia mafua ili tusijue kwamba analia.

Ama baada ya salamu, magimbi yanakufa. Siyo ya mtu mmoja, ni ya kisiwa kizima. Jani linaanza na doa la majimaji, kesho doa limekuwa la kahawia, keshokutwa jani zima limelala chini. Asubuhi mashamba yananuka vibaya kiasi kwamba watoto wanapita wameziba pua.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni jina la Baba. Shangazi Tuloto amesema ukoo utakaa mwaka wa msiba ukiisha, na jina la Vaisulutai, yaani ukuu wa ukoo, atapewa anayeweza kulisha watu. Tunatajwa wawili, mimi na Isitolo, mtoto wa baba mdogo. Isitolo unamjua, mdomo wake hufika kabla yake. Na unajua kwamba jina hilo halijawahi kutolewa bila gimbi letu lenyewe, lile lenye nyama ya zambarau, kuwekwa mbele ya wazee. Kijiji kizima hakuna mwingine mwenye nalo. Liko shamba la juu peke yake, nalo limeanza madoa, ila linakufa polepole kuliko mengine.

Watu wa kilimo wanataka tung'oe kila kitu tuchome. Wewe ndiye uliyesomea mimea. Sema neno, nami nitalifuata.

Kaka yako,
Aukuso


Auckland
9 Septemba 1993

Kaka Aukuso,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa habari zimeniumiza. Mimi mzima, ila viatu vyangu havijakauka tangu Juni. Mwambie Mama nguo aliyonishonea naivaa ndani ya sweta tatu, hakuna anayeiona.

Sasa nisikilize. Usiling'oe gimbi letu. Kuna magimbi ya Palau ambayo ugonjwa huu hauyawezi. Hayana ladha, yanateleza mdomoni kama sabuni, lakini yanasimama. Tukichukua chavua ya ua la Palau tukaipaka kwenye ua la gimbi letu, tukapata mbegu, mtoto atakuwa na nguvu za Palau na ladha ya kwetu. Hiyo ndiyo kazi yetu hapa maabara. Profesa wangu nilipomweleza alivuta kiti akakaa karibu, na huyo si mtu wa kuvuta kiti.

Mambo mawili. Usipande gimbi lingine lolote kwenye ardhi yetu, hata mche mmoja. Nzi hubeba chavua kutoka ua hili hadi lile, na mbegu ikipatikana lazima tujue baba yake ni nani. La pili, kwenye kifurushi kuna chupa zenye dawa. Chimbua mizizi michanga asubuhi kabla jua halijakolea, kata ncha tu, urefu wa punje ya mchele, uzitumbukize humo upesi na uzirudishe kwangu. Nitahesabu kromosomu, yaani vile vijiuzi ndani ya seli vinavyobeba urithi wa mmea. Gimbi la kawaida lina ishirini na nane. Hatuozeshi mtu kabla hatujajua ukoo wake, au siyo?

Hilo ndilo neno langu.

Dada yako,
Etevise


Savaii
20 Novemba 1993

Dada yangu mpenzi,

Salamu sana, na pole na kazi. Huku tunasukuma siku.

Mizizi nimeikata kama ulivyosema, nayo iko njiani. Hiyo dawa yako imeniletea balaa. Mke wa mchungaji alinikuta nimepiga magoti shambani asubuhi, chupa mkononi, harufu ya pombe na siki imetanda, akaniuliza, "Aukuso, umeanza lini?" Nikamwambia ni ya mizizi. Akasema, "Wote husema hivyo." Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa juu ya ulevi, na kanisa zima likanigeukia.

Magimbi mengine yote nimeyachoma. Isitolo amepata miche ya Palau kituo cha kilimo, amepanda nyuma ya kanisa kote. Akaniletea mizigo miwili, mbele za watu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Chukua, binamu, watoto wasilale njaa." Nikairudisha. Nikasema dada yangu amekataza. Hapo wakatawanyika, maana kwetu kaka habishani na neno la dada.

Ila nina swali. Shamba la bondeni liko mbali na la juu, katikati kuna mto na kichaka kizito. Pale je, naweza kupanda ya Palau? Tunakula mashelisheli na ndizi mbichi, na wali wa dukani siku za Jumapili. Gimbi linataka miezi saba au minane ardhini. Ukiniruhusu sasa, siku ukoo utakapokaa nitakuwa na cha kuweka mbele yao. Nangoja neno lako.

Kaka yako,
Aukuso


Auckland
16 Februari 1994

Kaka,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sijambo, ni kazi tu. Natumaini Mama na wote ni wazima.

Mizizi ilifika salama, nawe una mkono mzuri kuliko wanafunzi wetu. Kazi yenyewe ni hivi: ncha ya mzizi inalainishwa, inatiwa rangi, inawekwa juu ya kioo, inafunikwa na kioo chembamba, halafu unaikandamiza kwa dole gumba mpaka seli zinatandaza vilivyomo ndani. Ukikandamiza kidogo, vijiuzi vinalaliana. Ukizidisha, seli inapasuka na vya jirani vinachanganyika. Ndiyo maana mtu hahesabu mara moja akasema nimemaliza. Bado nahesabu.

Profesa analipenda sana gimbi letu. Anaomba mizizi zaidi, na picha yako ukiwa shambani. Vaa shati zuri.

Maua yakitoka, nenda kituo cha kilimo kwa Bwana Iakopo, atakupa chavua ya Palau. Ipake kwa brashi laini asubuhi ile ua linapoanza kunukia. Linda shamba.

Dada yako,
Etevise


Savaii
27 Juni 1994

Dada yangu Etevise,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Mama amerudia kukohoa. Picha niliyokutumia, hilo shati nimeazima kwa shemeji.

Limechanua. Maua yalitoka manane, ya njano, unajua lile linavyonukia. Nilikuwa nalala kibandani huko juu kwa kuogopa nguruwe. Nilipaka chavua kwa brashi kama ulivyosema, nikayafunga kwa kitambaa, nikayaombea kabisa, sikufichi. Yote yameoza. Hakuna hata tunda moja lililotunga. Nimerudia kwenye mengine yaliyofuata, yameoza vilevile. Iakopo anasema chavua ni nzuri, kwenye maua ya mengine imezaa.

Ukoo ulikaa wiki iliyopita. Kwa kuwa nchi haina chakula, Shangazi Tuloto aliahirisha jambo la jina hadi Februari. Ilikuwa kunihurumia, nami nilijua, na Isitolo alijua. Yake nyuma ya kanisa yameshaanza kuliwa. Alimpelekea mchungaji kikapu, akampelekea mwalimu, akamletea Mama. Mama alikula huku amefumba macho, sijui ni kwa aibu au ni kwa utamu.

Kijijini wananiita mlinzi wa makaburi. Meripa naye juzi kaniambia, "Ukoo wa kwenu mna miungu mingapi? Mmoja mbinguni na mmoja Auckland?" Nikamwambia afunge mdomo. Baadaye nililala nikifikiria hilo swali.

Nakuuliza tena habari ya shamba la bondeni. Nikipanda mwezi ujao wa saba, Februari yatakuwa tayari. Nikichelewa, basi. Tafadhali nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Kaka yako,
Aukuso


Auckland
5 Septemba 1994

Kaka Aukuso,

Salamu. Barua yako ilinikuta nikifunga mizigo ya kwenda Suva kwenye mkutano, nimerudi wiki hii. Msiwe na wasiwasi juu yangu, nimechoka tu.

Usikate tamaa na maua. Msimu mwingine hujaribiwa tena. Usibadilishe chochote shambani kwa sasa, profesa anataka kuona jinsi gimbi hilo linavyovumilia ugonjwa likiwa peke yake. Nimemtumia Mama dawa ya kifua kwa mkono wa binti wa kina Sefulu.

Nitaandika kwa kirefu nikipata nafasi.

Dada yako,
Etevise


Savaii
18 Novemba 1994

Dada,

Hatujambo. Dawa ya Mama imefika.

Jana Iakopo wa kilimo alikuja shambani. Nilikuwa kwenye maua, nimeshika brashi. Akaitazama brashi, akasema, "Bado unapaka tu?" Nikasema dada yangu ameniagiza. Akasema, "Hakukwambia?"

Akaketi kwenye jiwe, akavua kofia. Alikuwa Suva. Alikuona ukisimama mbele ya watu na kuonyesha ukutani picha ya gimbi letu, na ya mizizi niliyoikata mimi. Ulisema lina kromosomu arobaini na mbili badala ya ishirini na nane, na kwa sababu hiyo ni tasa, halijawahi kuzaa wala halitazaa hata likipakwa chavua ya dunia nzima. Anasema ulieleza vizuri sana. Anasema na mimi nilikuwepo ukutani, na shati langu. Alikuwa anaona haya kunitazama.

Kwa hiyo ulisimama Suva ukiyajua hayo, ukarudi, ukaniandikia nisikate tamaa na maua.

Shamba la bondeni ni majani matupu, yananifika kiunoni. Nikipanda leo, Februari nitakuwa na miche. Isitolo anajenga banda la wageni.

Sitaki maelezo marefu. Nataka kujua kitu kimoja. Ulijua lini?

Kaka yako,
Aukuso


Auckland
11 Desemba 1994

Kaka yangu Aukuso,

Sitauliza habari za afya, kwa sababu najua hali niliyokutia.

Nilijua Desemba ya mwaka jana. Kioo cha kwanza kabisa kilikuwa na arobaini na mbili. Nikasema nimekandamiza vibaya, ni seli mbili zimechanganyika. Nikatengeneza kingine. Nikahesabu Krismasi, nikahesabu Januari, mpaka macho yakavimba. Nilikuandikia Februari na namba iko mezani mbele yangu. "Bado nahesabu" haikuwa uongo. Nilikuwa nahesabu nikitafuta kioo kimoja tu kitakachonipa ishirini na nane.

Hukutaka maelezo, lakini utayasoma. Mmea wa kawaida una seti mbili, kumi na nne za baba na kumi na nne za mama. Unapofika wakati wa kutengeneza chavua au yai, zinashikana mbili mbili kama wachezaji, halafu zinaachana, kila upande unapata sawa. Letu lina seti tatu. Wawili wakishikana, wa tatu hana mwenzake, anaangukia popote. Chavua inakuwa mbovu, na yai linakuwa bovu. Gimbi alilopanda babu yake babu ndilo hilohilo ulilo nalo, limekuwa likikatwa kichwa na kurudishwa ardhini tu. Halina mtoto duniani.

Suva sikuomba kwenda. Profesa aliliweka jina langu, na sikuwa na kitu kingine kipya cha kusema. Watu walipiga makofi, Aukuso. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupigiwa makofi kwa jambo lisilokuwa wimbo wa kanisani. Ningewezaje kurudi nikakuandikia kwamba walishangilia utasa wa gimbi la Baba?

Lakini na wewe nikuambie. Una miaka arobaini na moja. Ulikuwa na jembe, na miche uliletewa mpaka mlangoni. Mara mbili umeniuliza habari ya shamba la bondeni, jambo ambalo mkulima yeyote angeamua mwenyewe kabla ya chai. Mimi niko ng'ambo ya bahari, nilisema neno moja kwa furaha, na wewe ukaligeuza amri ya kufia. Nadhani ulilitaka neno langu ili ukishindwa, kushindwa kuwe kwangu.

Panda utakacho. Nimekufungua. Ila nakuomba, na hili ndilo neno langu la mwisho juu ya gimbi hili: nikatie vichwa vitatu vyenye afya, uvifunge kwa moss iliyolowa, yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe, Iakopo atavipitisha karantini. Tuna nyumba ya vioo hapa. Linaweza kuishi. Lisipotee, kaka.

Dada yako,
Etevise


Auckland
14 Machi 1995

Kaka Aukuso,

Natumaini mko wazima. Sijapata jibu tangu Desemba. Mama naye haandiki.

Kibali cha karantini kimetoka. Nimesafisha meza kwenye nyumba ya vioo, karibu na bomba la joto, nimeiwekea kibao. Kila Ijumaa nakwenda ofisi ya vifurushi. Februari imepita na sijui lililotokea. Hata kama hutaki kuniandikia mimi, tuma vichwa.

Dada yako anayekukumbuka,
Etevise


Savaii
23 Aprili 1995

Dada Etevise,

Sisi tuko salama. Kibali chako nimekipata, na barua zako zote mbili pia.

Jina limetolewa, tarehe nne Februari. Isitolo ndiye Vaisulutai. Kikao hakikuchukua muda. Shangazi Tuloto aliuliza nani atalisha watu, Isitolo akasema yeye, na mimi sikufungua mdomo. Shangazi aliniangalia mara moja, akainamisha kichwa, akasema basi.

Jioni Isitolo akaja nyumbani kwangu. Nilidhani amekuja kujitapa, nilikuwa nimejiandaa. Akavua viatu, akakaa chini, akasema kwa adabu, na hilo ndilo lililoniuma, "Kaka, nina nguruwe, nina samaki, nina ya Palau mpaka yananitoka masikioni. Gimbi la jina sina. Liko kwako."

Nikasema, "Ni madogo."

Akasema, "Hata liwe dogo kama yai."

Na kweli yalikuwa kama mayai. Kesho yake nilikwenda shamba la juu na Meripa, nikachimba yote, mpaka la mwisho. Unajua jinsi tunavyofanya, kila mtoto wa nyumba hii anajua: unakata kichwa na shina lake, unakirudisha ardhini siku ileile, nyama ndiyo inakwenda jikoni. Nilikata vichwa nikavirundika pembeni. Meripa akaleta kikapu, akauliza, "Vya Etevise nivifunge vingapi? Vitatu?"

Nikamwambia avipeleke vyote kwenye moto wa tanuri la mawe.

Akasimama. Mwanamke yule ambaye amekusema vibaya mwaka mzima akaniambia, "Aukuso, ni neno la dada yako."

Nikasema najua. Alikataa kuvigusa, nikavibeba mwenyewe. Vilichelewa kushika kwa sababu ya maji, nikakaa pale nikivigeuza kwa kijiti mpaka vikaisha.

Kwenye karamu, sinia la gimbi la jina nililibeba mimi, hakuna aliyenituma. Nililiweka mbele ya Isitolo, nikarudi nyuma nimeinama kama inavyotakiwa. Alikula, akasema ni tamu. Wazee waliobahatika kupata kipande nao walisema ni tamu. Hakuna aliyeniuliza vichwa viko wapi. Walidhani vimerudi ardhini, kwani vingekwenda wapi kwingine?

Uliandika kwamba nilitaka kushindwa kwangu kuwe kwako. Labda. Nimelifikiria sana na siwezi kuapa kwamba si kweli. Ila ulisahau upande mmoja. Wewe ni dada, ukisema natenda. Hivyo ndivyo Baba alivyomfanyia Shangazi Tuloto maisha yake yote, na hakuwahi kuuliza neno lipi ni la furaha na lipi ni la kufia. Nikianza kuchagua, wewe unabaki mwanamke tu anayeishi Auckland. Sasa nimechagua mara moja, na nimeona jinsi ilivyo.

Usiende tena ofisi ya vifurushi. Hakuna kilichobaki ardhini, hapa wala pengine popote. Gimbi la Baba liko kwako tu, kwenye vioo vyako. Lihesabu.

Mama anauliza utakuja lini. Barua za nyumba hii kuanzia sasa mwandikie Vaisulutai, yeye ndiye mwenye kukujibu.

Kaka yako,
Aukuso